Siku Mashine Ilipogoma Mikokoni

Kila aliyeishi El Barranco, kijiji cha nyumba za miguu mirefu kwenye pwani ya Pasifiki ya Kolombia, aliijua sauti ya mashine ya Herminsul Cuero. Ilikuwa mashine kuukuu ya boti, ya nguvu za farasi kumi na tano, kofia yake imepakwa rangi ya bluu iliyobaki walipopaka madirisha, na ilipowaka alfajiri ilikohoa kwanza kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu. Watu walijigeuza vitandani wakasema, "Herminsul huyo, anatoka." Waliendelea kusema hivyo hata baada ya Herminsul kupofuka, ingawa kwa miaka mingi sasa aliyekuwa akiivuta kamba ya kuiwashia ni mkewe, Deyanira.

Deyanira Sinisterra alikuwa mwanamke mfupi mwenye mabega mapana. Mabega hayo aliyapata kwa kuinama matopeni tangu utotoni, akichimbua kombe kwenye mizizi ya mikoko kama mama yake na mama wa mama yake. Aliolewa na Herminsul wakati Herminsul ndiye kijana pekee kijijini mwenye mashine, na kwa muda mrefu aliona kwamba alipata bahati. Walizaa watoto wawili wa kiume. Mmoja yuko mjini Cali, mwingine alivuka mpaka akaishia Chile, na wote wawili hupiga simu wakati wa sikukuu, mtandao ukikubali.

Kisha ikaja presha ya macho. Herminsul alianza kwa kugonga nguzo za gati, akasingizia kiza. Akaja kumwaga kahawa nje ya kikombe, akasingizia kikombe. Alipokubali kwenda kwa daktari, daktari alimwambia waziwazi kwamba amechelewa. Tangu siku hiyo maisha ya Deyanira yaliingia ndani ya sauti ya mumewe na hayakutoka tena.

"Deyanira!"

"Nipo."

"Uko wapi?"

"Jikoni hapa."

"Unafanya nini?"

"Napika."

"Mbona sisikii sufuria?"

Ilikuwa hivyo asubuhi, ilikuwa hivyo mchana. Akienda chooni sharti aage. Akisimama barazani na jirani, sauti inatoka ndani: "Nani huyo? Mnasema nini?" Akinyamaza ili apumue kidogo, hata kunyamaza kwenyewe kunaulizwa: "Mbona kimya? Umeondoka?" Herminsul hakuwahi kumpiga, na kwa haki hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anaogopa. Lakini hofu yake ilikuwa imemshika Deyanira shingoni, na kila mwaka ilikaza kidogo.

Deyanira alikuwa na mdogo wake, Leonila, mjane mwenye jiko la kuuza chakula karibu na bandari ya Buenaventura. Kila walipoongea kwenye simu Leonila alimwambia neno lilelile. "Njoo, dada. Kitanda kipo, kazi ipo. Utakufa huko ukiitwa jina lako."

Siku nyingi Deyanira alicheka tu. Halafu kuna siku hakucheka, akauliza meli ya mizigo inayotoka Guapi kwenda Buenaventura huondoka lini. Akaambiwa huondoka Jumatano, jioni, maji yakijaa.

Alichopanga ni hiki. Atampeleka Herminsul Guapi, mjini, kwa Pastora, dada yake Herminsul. Atamketisha kwenye kiti cha barazani, atasema anatoka mara moja kwenda dukani, na atashuka mpaka gatini apande meli. Pastora hakuambiwa. Herminsul hakuambiwa. Deyanira aliona aibu kila alipoufikiria mpango huo, na kila jioni aliufikiria tena.

Jumatano hiyo asubuhi alimwambia, "Leo twende Guapi. Jino linanisumbua, na wewe ukamwone dada yako."

"Jino gani?"

"La nyuma."

"Hujawahi kulitaja."

"Nikutajie kila kinachoniuma?"

Alitegemea maswali mengine kumi. Hayakuja. Herminsul alivaa shati safi, akashika bega la mkewe, wakashuka mpaka kwenye boti. Deyanira alipakia sanduku lake la nguo, alilolifunga kwa kamba ya nailoni kwa sababu kufuli zake zilikwisha kufa. Alipakia ndizi za kukaanga, samaki wa moshi, na kopo la makumbi ya nazi ya kufukizia mbu. Akafungua parafujo ndogo iliyo juu ya kifuniko cha tangi la mafuta, ile inayoruhusu hewa kuingia, akaminya mpira wa kusukuma mafuta mpaka ukawa mgumu, akavuta kamba. Mashine ikakohoa, ikawaka. Herminsul aliketi katikati ya boti kama kawaida yake, tangi likiwa kati ya miguu yake, mkono mmoja juu yake.

Walipofika mdomo wa mto alisema, "Pita kwa ndani. Huko nje bahari imechafuka, naisikia."

"Kwa ndani maji yatatosha? Yameshaanza kupwa."

"Yatatosha. Mkondo ule nimeupita tangu hujajua kuvaa viatu."

Deyanira alikata kushoto, akaingia mikokoni. Njia ya ndani ni ya mkato kweli, ila ni nyembamba, na maji yakipwa haibaki njia, hubaki matope matupu. Mizizi ilining'inia pande zote mbili. Kelele za bahari zilififia nyuma yao, ikabaki sauti ya mashine tu, ikirudishwa na miti.

Walikuwa wamefika katikati kabisa mashine ilipopunguza sauti. Ikapanda, ikashuka, ikalia kwa unyonge, ikazima.

"Imekuwaje?" Herminsul aliuliza.

"Imezima."

"Vuta tena."

Alivuta. Haikukohoa hata kidogo. Alivuta tena na tena mpaka bega likalia. Maji ya mkondo yalikuwa yanarudi baharini, na boti ikaanza kurudi nayo kinyumenyume, ikigonga mizizi. Alichukua kasia akapiga, lakini boti ile ilikuwa nzito, ya mbao nene, na peke yake hakuweza kuisogeza dhidi ya maji. Akaifunga kwenye mzizi.

"Mafuta yapo?" aliuliza Herminsul.

"Yapo. Nimejaza mwenyewe jana."

"Basi ni plagi. Zitoe uzifute."

Deyanira alifungua kofia ya mashine, akachukua spana, akatoa plagi zote mbili. Zilikuwa kavu. Alizifuta hivyohivyo kwa upindo wa gauni, akazirudisha. Akavuta. Kimya.

"Vuta choki."

"Mashine ina moto, choki ya nini?"

"Vuta choki, Deyanira. Nani anaijua mashine hii?"

Alivuta choki, akavuta kamba. Hakuna.

"Angalia nyaya. Huenda kuna iliyolegea."

Aliangalia nyaya, moja moja, kwa vidole. Hakuna iliyolegea. Herminsul akamwambia aangalie swichi ya kuzimia, akaangalia. Akamwambia asubiri ipoe, akasubiri, jasho likimtiririka mgongoni na mbu wakimzonga masikioni. Alipoinua macho aliona alama ya maji kwenye mizizi imeshapanda juu ya kichwa chake. Chini ya boti kitu kilikwaruza. Boti ikaegemea upande mmoja, polepole, kama ng'ombe anayelala, ikatulia. Wamekaa juu ya matope.

"Tumepwelewa," Deyanira alisema.

"Basi tutasubiri maji," Herminsul alisema, na akajikunyata vizuri juu ya ubao wake.

Ndiyo ilivyokuwa. Pande zote mizizi, juu majani, chini matope yanayong'aa yenye kaa wadogo waliotoka mashimoni na kuanza kupunga magando yao. Hakuna boti nyingine itakayopita mpaka maji yarudi, na maji hayarudi mpaka alasiri. Meli ingeondoka jioni. Deyanira alipiga hesabu kichwani: kama mashine itawaka mara tu boti ikielea, atawahi. Isipowaka, hawahi.

Hakuweza kukaa. Alishuka. Alisema atatembea mpaka kwenye ukingo wa mkondo aone kama kuna wachimba kombe karibu. Alikuwa ameyazoea matope maisha yake yote, lakini ya hapo katikati ya mkondo hayakuwa na mizizi chini ya kushikilia mguu. Hatua chache tu akazama mpaka mapajani. Alivuta mguu wa kulia, wa kushoto ukazama zaidi. Alitulia hapo, ameshikwa, kaa wakimtazama.

"Deyanira!" sauti ilitoka kwenye boti. "Uko wapi?"

Alitamani kutojibu. Alitamani mara moja tu katika maisha yake jina hilo liitwe na lisipate jibu.

"Niko hapa," alisema. "Nimekwama. Nyoosha kasia."

Herminsul alilifuata jibu kwa sikio, akainama nje, akanyoosha kasia sawasawa kabisa. Akamvuta. Mikono yake bado ilikuwa na nguvu. Deyanira alipanda akiwa mweusi wa matope mpaka kiunoni, akaketi karibu na mashine akihema.

Aliwasha makumbi ya nazi ndani ya kopo, akaliweka mbele kabisa, mbali na mafuta. Moshi ukatanda. Wakala ndizi. Deyanira aliitazama mashine ile kwa chuki. Kisha akaanza kuitazama kwa akili. Plagi zilikuwa kavu. Mtu aliyevuta kamba muda wote ule, plagi zake zinapaswa kulowa mafuta. Kama hazikulowa, mafuta hayafiki. Akaufuata mpira wa mafuta kwa macho kutoka kwenye mashine mpaka ile sehemu nene ya kuminya. Ilikuwa imebonyea. Aliiminya, haikurudi. Ilibaki bapa kama limau lililokamuliwa.

Akatazama tangi. Lilikuwa la plastiki nyekundu, na mbavu zake zote mbili zilikuwa zimeingia ndani, kama mashavu ya mtu mwenye njaa.

"Sogeza miguu," alimwambia Herminsul.

"Kwa nini?"

"Sogeza."

Herminsul alisogea taratibu sana. Deyanira aliinama juu ya kifuniko, akagusa ile parafujo ndogo. Ilikuwa imefungwa, imekazwa kwa nguvu za mtu mzima. Aliifungua. Tangi likavuta hewa, fyuuu, pumzi ndefu ya mtu aliyeibuka kutoka chini ya maji, na mbavu zake zikarudi nje kwa mlio, moja baada ya nyingine.

Herminsul aliinua kichwa. Aliisikia. Mtu aliyekaa na mashine miaka yote ile hawezi kuisikia sauti hiyo asijue ni nini. Deyanira alimtazama usoni na Herminsul akawa ameuelekeza uso huo mikokoni, kana kwamba kuna kitu huko anachokiona.

Deyanira aliifungua parafujo hiyo mwenyewe asubuhi. Alikumbuka ubaridi wake kwenye vidole. Na tangu wakati huo hakuna aliyekaa karibu na tangi isipokuwa mmoja.

Aliuminya ule mpira kwa hasira, mara nyingi kuliko inavyotakiwa, choki bado iko nje, akashika kamba akavuta. Akavuta kama anayeng'oa jino la mtu anayemchukia. Mashine ilitema moshi mara moja, ikazima. Harufu ya petroli ikajaa kila mahali. Alijua ameshaizamisha kwa mafuta, akajua inafaa aache, hakuacha. Akavuta mara nyingine na kamba ikakatika. Alianguka chali juu ya ubao, kiwiko kikagonga, kishikio kikabaki mkononi na mkia mfupi wa kamba.

"Imekatika?" Herminsul aliuliza kwa sauti ndogo.

"Imekatika."

"Pole."

"Usinipe pole! Wewe usinipe pole!" Ndege waliruka juu ya miti. "Ni wewe uliyefunga."

"Ni mimi."

"Unakubali hivyohivyo?"

"Nikatae nini? Umeshaisikia na mimi nimeisikia."

Deyanira alishika kiwiko chake. Alitaka kumtupia kile kishikio, na hakuweza kumtupia kitu mtu asiyeweza kukwepa. Hata hilo lilimuudhi.

"Umeniingiza kwa ndani makusudi."

"Makusudi. Nje tungekutana na boti nyingine, wangetuvuta." Herminsul alijifuta uso. "Jana jioni ulinikata kucha. Za mikono, na za miguu. Ukanipikia mchuzi wa nazi kama ni Pasaka. Leo, Jumatano, siku ya meli ya Buenaventura, unaniambia jino. Na hilo sanduku ulipolishusha, boti nzima iliinama mbele. Nani anaenda kung'oa jino na sanduku?"

"Kwa hiyo ukaamua kunifunga matopeni."

"Niliamua meli iondoke. Basi. Maji yapwe, yajae, meli iende zake, halafu ningeifungua parafujo na kujifanya nimegundua mwenyewe."

"Na wiki ijayo? Meli ipo kila wiki, Herminsul."

"Wiki ijayo sikuifikiria."

"Na mimi, ulinifikiria?"

"Nilikuwa nakufikiria wewe tu."

"Hapana. Ulikuwa unajifikiria wewe bila mimi. Hayo ni mambo mawili."

Herminsul naye akapandisha sauti. "Na wewe je? Ulikuwa unipeleke kwa Pastora kama gunia la nazi. Uniketishe barazani, uniambie naja. Ningejua saa ngapi? Jioni ikiingia? Nikiwa nakuita, na watu wa mjini wanacheka?"

Hivyo ndivyo Deyanira alivyopanga. Hata neno lenyewe lilikuwa lile: naja.

Jua lilipenya kwenye majani likachoma mabegani, likasogea. Moshi wa makumbi ukapungua na mbu wakarudi. Kila mmoja alijipiga makofi ya mbu upande wake. Boti ilikuwa ndogo kiasi kwamba Herminsul akinyoosha mguu unamgusa Deyanira, akaukunja. Deyanira alijiona kama ndivyo atakavyokaa mpaka afe, mguu huo na wake, kwenye ubao huo.

"Nimechoka, Herminsul," alisema mwishowe, bila kelele. "Sikuchukii. Ningekuchukia ingekuwa rahisi. Nimechoka kuitwa. Naota naitwa. Nikiwa chooni nakuwa nimeshaandaa jibu."

"Nikiita na ukajibu, najua nyumba ipo," Herminsul alisema. "Ukinyamaza, mimi niko wapi? Siko mahali."

"Najua."

"Hujui. Lakini sawa."

Kaa walikuwa wameanza kurudi mashimoni. Herminsul alilisikia jambo hilo kabla Deyanira hajaliona, ule mchakacho mdogo wa matopeni ukinyamaza. Kisha ukaja uzi mwembamba wa maji, umebeba povu na majani makavu, ukapita kando ya boti kama nyoka anayetafuta njia.

"Maji hayo," alisema Herminsul.

Deyanira aliitazama kamba iliyokatika. Maji yaje yasije, mashine haina kamba. Kwa kasia, na boti ilivyo nzito, wangefika Guapi usiku wa manane.

Herminsul alikuna kidevu. Alikuwa anapigana na jambo, Deyanira aliliona likitembea usoni mwake. Mwishowe aliuliza, kwa sauti kavu kabisa, "Una kamba nyembamba, ngumu?"

"Ya nini?"

"Ya kuzungushia gurudumu. Ukitoa kofia na lile kasha la kamba iliyokatika, chini yake kuna gurudumu la chuma. Lina pengo ukingoni. Unafunga fundo, fundo linakaa kwenye pengo, unazungusha, unavuta. Kamba ya boti ni nene, haifai."

"Hakuna kamba nyingine."

"Ipo moja," alisema Herminsul.

Deyanira alilitazama sanduku lake. Alilifungua fundo kwa meno, kwa sababu alilikaza sana alfajiri. Mfuniko ukainuka wenyewe, magauni yakachungulia nje. Akaiweka ile kamba ya nailoni mkononi mwa mumewe.

Baada ya hapo walifanya kazi kama walivyofanya zamani, kabla ya yote. Deyanira alifungua skrubu za kasha kwa kisu, Herminsul akazipokea kinywani zisipotee. Alimwambia atoe plagi na azianike kwenye kipande cha jua. Alimwambia arudishe choki ndani. Alifunga fundo mwisho wa kamba, akalipima kwa kidole gumba, akalifungua akalifunga upya dogo zaidi. Akapapasa gurudumu mpaka akapata lile pengo.

"Kwanza tunaivuta bila plagi, iteme mafuta. Simama pembeni, itakurushia machoni."

Alizungusha, Deyanira akavuta. Mashine ikatema petroli kama mlevi. Wakarudia mpaka ikatema hewa tupu. Boti ilikuwa imeanza kutikisika chini yao, upande uliolala ukanyanyuka.

"Zifute tena, zirudishe. Nywele zako zimefungwa?"

"Zimefungwa."

"Kilemba kikaze. Na hayo magauni yafunike. Gurudumu hili halina kofia sasa, likikushika nguo litachukua na mkono."

Alikaza kilemba, akachomeka upindo wa gauni kiunoni. Herminsul alizungusha kamba kwa uangalifu, akatoa vidole vyake, akajivuta nyuma.

"Sasa."

Alivuta. Mashine ilikohoa. Alivuta tena, ikakohoa zaidi, ikafa.

"Ongeza mafuta kidogo. Kidogo nimesema, siyo kama ulivyofanya muda ule."

"Nani aliyenitia hasira muda ule?"

"Mimi. Vuta."

Ikawaka. Ikawaka kwa kelele zote za mashine isiyo na kofia, moshi wa bluu ukajaa mikokoni, na Deyanira akapiga ukelele ambao hakuujua unatoka wapi. Boti ilikuwa inaelea. Alifungua kamba ya mzizini, akaielekeza pua ya boti kule mbele, Guapi. Herminsul hakuuliza wanakwenda upande gani. Alikaa na mikono magotini, mbali na tangi.

Pastora alikuwa kwenye baraza yake juu ya mto, anamenya ndizi, alipowaona wakipanda ngazi.

"Wifi! Matope yote hayo? Mlikuwa mnazika mtu?"

Deyanira alikuwa na maneno yake tayari, yale ya dukani. Herminsul ndiye aliyesema.

"Pastora, nimekuja kukaa."

"Kukaa kitako, au kukaa?"

"Kukaa. Deyanira anasafiri."

Pastora aliweka kisu chini. Alimtazama kaka yake, akalitazama lile sanduku lisilo na kamba, Deyanira amelikumbatia kwa mikono miwili lisimwage nguo. "Na mimi nani kaniuliza?"

"Nakuuliza mimi. Sasa hivi."

Mtoni chini, meli ilipiga honi ya kwanza.

"Nyumba yenyewe inavuja," Pastora alisema. "Utakula ninachopika. Na uninyamazie, Herminsul. Mimi siyo huyu. Ukiniita mara mbili kwa jambo la kipuuzi nakutumbukiza mtoni, mchana kweupe, watu wakiona."

"Nimesikia."

"Samahani, wifi," Deyanira alisema. "Ilifaa nikuulize mapema."

"Ilifaa. Ungeniuliza mapema ningekataa. Nenda, watakuacha."

Hawakukumbatiana, Deyanira na mumewe. Alimshika kidogo mkono, ukiwa bado unanuka petroli, akauacha. Alishuka ngazi mbiombio, sanduku kifuani, akingojea wakati wote huo jina lake liitwe kutoka nyuma. Halikuitwa. Alijua Herminsul ameuma meno ili lisitoke.

Watu hudhani alipanda meli akacheka. Hakucheka. Meli ilitia nanga ndani ya mdomo wa mto ikingoja maji ya kuvukia mchanga, na Deyanira alilala kwenye kitanda chake cha mbao katikati ya magunia na kuku, akisikiliza. Kila mama mmoja alipoitwa na mwanawe, yeye aliinuka. Miguu yake ilikuwa safi, ameiosha kwa ndoo, na bado aliihisi imeshikwa mpaka mapajani.

Kwa Leonila, Buenaventura, kazi ilikuwa ya kusimama kutwa mbele ya mafuta ya moto. Mwezi wa kwanza alikuwa akitoka mlangoni anasema, "Naenda kununua vitunguu."

"Sijakuuliza, dada," Leonila alimjibu.

"Naenda chooni."

"Mungu wangu, nenda!"

Ilimchukua muda mrefu kujifunza kuondoka mahali bila kuaga. Alipojifunza, kwa siku kadhaa alizunguka soko bila kununua kitu, anakata kona ovyo, kwa sababu hakuna aliyejua yuko kona gani.

Alirudi Guapi mwezi wa Desemba, kwa siku mbili, na zawadi ya shati na dawa ya macho ya kupunguza maumivu. Herminsul alikuwa amekonda kidogo. Nyumba ya Pastora alikuwa ameshaijua kwa mikono, ngazi mpaka jiko, na Pastora alisema hajamtumbukiza mtoni bado, ingawa ilikaribia. Boti na mashine Herminsul alikuwa amemwachia mpwa wao wa El Barranco, na mpwa alilalamika kwamba mashine hiyo inamtesa.

Walikula wote watatu, wali wa nazi na kamba wa mtoni. Herminsul alimuuliza habari za Leonila, habari za jiko, kama kweli bandarini wanaweka pilipili kwenye kila kitu. Hakuuliza kama atarudi kuishi. Deyanira aliliona swali hilo likifika mdomoni mwake na kumezwa, zaidi ya mara moja.

"Meli yako saa ngapi?" aliuliza walipokuwa wanatandika vitanda.

"Alfajiri. Maji yakijaa."

"Basi lala," alisema Herminsul. "Mimi huamka mapema. Nitakuamsha."